Banda la kuni baada ya misimu miwili ya mvua: paa zuri, upepo haba

Banda ninalolizungumzia hapa nililinunua mwezi Mei, mwaka juzi, kutoka karakana moja ya maseremala mjini Njombe ambayo hutengeneza mabanda ya kuni kwa oda, huyaleta kwa gari yakiwa vipande vipande, na kuyasimamisha nyumbani kwa mteja kwa muda wa siku moja. Pamoja na banda, karakana hiyo hiyo iliniuzia mita tano za ujazo za kuni zilizokwisha kuchanjwa, kwa maelezo kwamba zilikuwa kavu na tayari kwa kuwashwa. Jina la karakana silitaji, kwa sababu nina sifa kwa sehemu moja ya kazi yao na malalamiko kwa sehemu nyingine, na shabaha yangu ni kumweleza bidhaa yenyewe mtu yeyote anayefikiria kununua au kujenga banda la namna hii katika nyanda za juu. Nimesubiri hadi limepita misimu miwili kamili ya mvua kabla ya kuandika, kwa kuwa mwezi wa kwanza kila banda huonekana zuri.

Ninasimamia nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba sita na sebule moja yenye meko ya kuotea moto. Kwa kupikia tunatumia gesi, na sina nia ya kurudi nyuma. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034, na jikoni kwetu jambo hilo limekwisha kufanyika. Sebuleni ni habari nyingine. Njombe iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni, Julai na Agosti mgeni anayetoka Dar es Salaam huuliza kuhusu moto kabla ya kuuliza kuhusu chakula. Moto unaofuka moshi kwa nusu saa kabla ya kushika ni aibu kwa mwenyeji, na mapazia yanayonuka moshi hadi Desemba ni gharama.

Kabla ya banda hili, kuni zetu zilikaa nyuma ya jiko, zimepangwa moja kwa moja juu ya ardhi na kufunikwa turubai la bluu hadi chini, kingo zake zimekandamizwa kwa mawe ili upepo usilipeperushe. Niliamini kwamba huo ndio uangalifu wenyewe. Tulipolifunua mwezi Februari, safu tatu za chini zilikuwa zimeota vyoga vyeupe vyembamba kama masikio, maganda yalibanduka kwa kidole, na upande wa ndani wa turubai matone yalikuwa yamejipanga kama jasho la mtu mwenye homa. Mvua haikuwa imeingia hata kidogo. Maji yote yale yalitoka ndani ya kuni zenyewe na ndani ya udongo, yakapanda yakiwa mvuke, yakakuta turubai, yakarudi chini, na mzunguko huo ukaendelea kwa miezi mitatu bila mtu kuuona. Ninalieleza hilo kwa urefu kwa sababu kosa lile lile, kwa sura ya heshima zaidi, nimelikuta katika banda nililolilipia.

Kiswahili kinaita ukungu vitu viwili: ule unaoshuka milimani alfajiri na ule unaoota juu ya mkate uliosahauliwa kabatini. Kwa mwenye kuni, umbali kati ya vitu hivyo viwili ni mdogo sana. Kuvu wanaoozesha mti wanahitaji hewa, joto la kadiri, chakula, ambacho ni mti wenyewe, na maji. Katika hayo manne, tunaloweza kuwanyima ni maji peke yake. Mti uliotoka kukatwa mara nyingi huwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake wote. Sehemu ya maji hayo hukaa wazi ndani ya mirija ya mti na hutoka kwa urahisi kiasi. Sehemu nyingine imeshikamana na kuta za seli, na hiyo huanza kutoka pale tu unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Hapo ndipo ukuni huanza kusinyaa na kupasuka nyufa kwenye ncha. Ukifikishwa chini ya asilimia 20, kuvu hawawezi kuendelea na kazi yao, hata kama mbegu zao zimejaa juu yake. Kwa hiyo anayehifadhi kuni anashindana na wakati: maji yatoke kabla kuvu hawajashiba.

Wengi hupima ukavu kwa kuuinua ukuni mkononi, na hapa kuna mtego. Ukuni uliooza nao ni mwepesi. Umepoteza uzito kwa kuliwa, na kilicholiwa ndicho kilichokuwa kiwe moto. Ukiwashwa huungua haraka kama karatasi, hauachi makaa ya maana, na ukinyeshewa hufyonza maji kama sifongo. Katika shehena niliyouziwa kulikuwa na vipande vya namna hiyo, na kijana aliyevishusha garini alinionyesha kwa fahari jinsi vilivyokuwa vyepesi.

Sasa nije kwenye banda lenyewe. Lina urefu wa mita tatu, kina cha mita moja na robo, na kimo cha zaidi kidogo ya mita mbili upande wa mbele, likishuka kuelekea nyuma ili maji ya mvua yakimbilie huko. Nguzo zake ni za mlingoti uliotiwa dawa, za aina ile ile ya nguzo za umeme ila nyembamba, na zimesimama juu ya vitako vya zege badala ya kuchimbiwa ardhini. Sakafu imetengenezwa kwa chaga za mbao, kama za kitanda, zenye nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine, na imeinuliwa kiasi cha futi moja kutoka ardhini. Paa ni la mabati ya migongo, limezidi ukuta kwa karibu nusu mita upande wa mbele. Kila kiungo kimefungwa kwa bolti, si kwa misumari peke yake. Katika misimu miwili hakuna bolti iliyolegea, hakuna nguzo iliyoinama, na paa halijavuja tone moja, ingawa mvua za Januari huku kwetu hazina huruma. Kwa useremala, ninawapa sifa zote bila kusita.

Sakafu ya chaga ndiyo sehemu iliyonipendeza kuliko zote. Tangu kuni ziache kugusa udongo, safu ya chini, ambayo zamani tuliihesabu kuwa sadaka, imekuwa kavu sawa na ya juu. Mchwa huku kwenye baridi si wengi kama wanavyosimuliwa na wenzetu wa mabondeni, lakini wapo, na urefu ule wa futi moja una faida ambayo sikuifikiria: mtu anaweza kuinama na kuona chini. Mara moja kwa wiki mlinzi wetu hupita na fagio, na akikuta njia ya udongo inayopanda kwenye kitako cha zege huibomoa. Mchwa hao hawapendi kutembea uchi hewani. Wakibomolewa njia kila wiki, huchoka. Hatujatumia dawa wala oili chafu, na sishauri mtu azipake kwenye kitu kinachokaribiana na kuni zitakazochomwa sebuleni. Kwa sababu hiyo hiyo, vipande vya nguzo zenye dawa vilivyobaki baada ya ujenzi tusivichome. Dawa ile ya kijani kwa kawaida huwa na shaba, kromiamu na aseniki, na moto hauiondoi, huihamishia kwenye moshi na majivu. Mafundi waliviacha vipande hivyo kando ya banda bila neno lolote, na nikiwa mkaguzi mkali ningewakata alama kwa hilo.

Kasoro kubwa iko nyuma. Mchoro niliokubaliana nao ulionyesha kuta tatu za mabanzi yenye nafasi. Lililokuja lilikuwa na mabanzi pembeni, lakini ukuta wa nyuma ulikuwa wa bati zima kutoka juu hadi chini. Fundi alinieleza, kwa adabu na kwa nia njema, kwamba amenifanyia hisani: nyuma ndiko upepo wa kusi unakotokea, ukileta manyunyu, na bati lingezuia kuni zisilowe. Maelezo yake yalinishawishi siku ile, nami nikamshukuru. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba upepo huo aliouzuia ndio niliokuwa nimeununua. Manyunyu yanayorushwa kwenye ubavu wa safu hulowesha ngozi ya ukuni kwa kina cha ukucha, na siku mbili za jua huyaondoa. Hewa iliyosimama nyuma ya safu ni jambo jingine: hushiba mvuke unaotoka kwenye kuni mbichi, haina pa kwenda, na kuni za nyuma hukaa katika mvuke huo wiki baada ya wiki. Mwezi Agosti wa mwaka wa kwanza kuni za mbele zilikuwa zikiliana kwa mlio mkali zinapogonganishwa, na za nyuma, zilizochanjwa siku ile ile kutoka mti ule ule, zilitoa mlio wa kitu kilichofunikwa blanketi. Zilikuwa pia na madoa ya kijivu ya ukungu kwenye ncha.

Bati lina tabia nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Usiku wa baridi hupoa haraka kuliko hewa iliyo chini yake, na mvuke hugandama upande wake wa ndani, kisha alfajiri hudondoka. Paa letu lilifanya hivyo mwaka wa kwanza, nasi tukadhani linavuja. Nilimwita fundi, akapanda, akakagua kila msumari, akashuka akisema paa ni zima, na alisema kweli. Dawa yake ni nafasi: safu ya juu isigusane na bati, na pawe na uwazi wa angalau dhiraa moja ambao upepo unapita bila kizuizi. Mteja anayejaza banda hadi darini kwa sababu amelilipia lote atakuta safu ya juu ina unyevu, na atamlaumu fundi asiye na kosa.

Gata halikuwemo katika bei. Maji ya paa yalianguka nyuma ya banda, yakachimba mfereji, na matope yakaruka hadi kwenye chaga. Niliweka gata mwenyewe na kulielekeza kwenye pipa, nalo si tatizo tena, ila ningependa litajwe mapema kwa mteja badala ya kugunduliwa Novemba.

Kuhusu kuni, nitakuwa mkali zaidi. Niliuziwa mita tano za ujazo, nazo zilipimwa ndani ya bodi la gari zikiwa zimerushwa ovyo. Tulipozipanga bandani zikawa mita tatu na theluthi. Hakuna aliyeiba kitu njiani. Kuni zilizotupwa ovyo hubeba hewa nyingi kati yake, na hata zikipangwa vizuri bado karibu theluthi moja ya ujazo ni hewa. Mteja na muuzaji wapatane kwanza: ni mita ya kurusha au ni mita ya kupanga? Tofauti ya maneno hayo mawili kwangu ilikuwa theluthi nzima ya pesa.

Neno «kavu» nalo lilihitaji ufafanuzi ambao sikuuomba. Muuzaji aliniambia kwamba magogo yalikatwa mwaka mmoja kabla, na ninaamini hakusema uongo. Lakini yalikaa mwaka huo yakiwa magogo marefu, yenye maganda, yamelala kwenye nyasi pembezoni mwa shamba, na yakachanjwa wiki niliyoagiza. Gogo la namna hiyo halikauki, linazeeka tu. Maji ndani ya mti husafiri kwa kufuata uzi wake na kutokea kwenye ncha kwa kasi iliyozidi mara nyingi ile ya kupenya ubavuni, na ganda ndilo koti ambalo mti ulijivika ili usikauke. Gogo la mita mbili lina ncha mbili tu. Likikatwa vipande sita na kila kipande kikachanjwa mara nne, ncha na nyuso za wazi zinakuwa nyingi kiasi kwamba miezi minne ya kiangazi hufanya kazi ambayo mwaka mzima wa kulala shambani haukuifanya. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni «zilichanjwa lini na zilikaa wapi baada ya kuchanjwa», na anayejibu kwa kutaja tarehe ya kukata hajajibu.

Shehena yenyewe ilikuwa ya mchanganyiko: miwati kwa wingi, milingoti, na vipande vya misindano. Miwati ndiyo kuni bora ya Njombe, na si bahati tu kwamba ipo; kampuni ya miwati ya Tanganyika, TANWAT, ilianzishwa hapa mwaka 1949 kwa ajili ya maganda yake, ambayo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi, na mashamba ya mti huo yakaenea hadi kwa wakulima wadogo. Mwati uliochunwa ganda hukauka mapema, huungua taratibu, na huacha makaa yanayodumu. Milingoti ni mizito na inafaa, lakini ichanjwe ikingali mbichi, kwa kuwa uzi wake umesukwa, na ikishakauka shoka hubaki limenasa na mchanjaji huanza kutoa maneno yasiyofaa mbele ya wageni. Misindano huwaka upesi na ina utomvu. Ni ya kuwashia. Inapokaa na unyevu hupata rangi ya bluu ndani ya wiki chache, na rangi hiyo pekee si kuoza, ingawa ni taarifa kwamba kuoza kuko njiani ikiwa haitapata hewa. Ningependelea muuzaji azitenganishe, kwa sababu kila moja ina muda wake wa kukauka na kazi yake mekoni.

Nilijuaje yote hayo? Kwa kifaa kidogo nilichonunua wakati ule ule, ambacho nacho kinastahili aya zake. Ni kipima unyevu cha pini mbili, cha ukubwa wa simu ya kitochi, kinachotumia betri moja ya volti 9. Hupitisha umeme hafifu kati ya pini hizo: penye maji umeme hupita kwa urahisi, pakavu hupita kwa shida, na kifaa hugeuza shida hiyo kuwa asilimia. Bei yake haikufika ya gunia moja la mkaa, na kimenifaa kuliko nilivyotarajia, mradi mtumiaji ajue udanganyifu wake mdogo mdogo.

Kwanza, kisichomwe juu ya ngozi ya nje. Kuni zangu «kavu» zilisoma 16 kwa nje, nami nikafurahi. Mlinzi alipochanja moja katikati na tukachoma pini kwenye uso mpya, ikasoma 34. Namba zilizozidi 30 hazina uhakika kwenye vifaa hivi, lakini hazihitaji kuwa na uhakika ili kueleweka. Pili, vipima vingi vya aina hii vimerekebishwa kwa mti wa Amerika ya Kaskazini uitwao Douglas fir, na mwati si ndugu yake, hivyo namba inaweza kupotoka kidogo kwenda juu au chini. Tatu, asilimia inayosomwa hapo ni maji yakilinganishwa na mti mkavu, si maji yakilinganishwa na ukuni wote. Kilo 100 za mti mkavu zikibeba kilo 25 za maji, kifaa kitasoma 25, ilhali ukiuchukua mzigo mzima wa kilo 125, maji ni asilimia 20. Watu wawili waungwana wanaweza kugombana kuhusu mzigo mmoja wakiwa wote wanasema kweli.

Kwa anayetaka uhakika bila kifaa, mzani wa sokoni unatosha. Nilitia alama ya rangi kwenye vipande vitatu, kimoja mbele, kimoja katikati na kimoja nyuma ya banda, nikavipima kila Jumamosi. Cha mbele kilianza na kilo 2.4 mwezi Mei, kikafika kilo 1.5 mwanzoni mwa Oktoba, na hapo kikaacha kushuka. Ukuni ulioacha kupungua uzito kwa wiki tatu mfululizo umefika mwisho wa safari yake mahali hapo ulipo. Cha nyuma kiliendelea kushuka kwa kusuasua hadi mvua za Novemba zikakikuta njiani.

Faida ya yote hayo inapimika. Kilo moja ya ukuni ambao maji ni moja ya tano ya uzito wake hutoa joto la takriban uniti 4, tukitumia kipimo tunachokijua kwenye luku. Kilo moja ambayo nusu yake ni maji hutoa uniti 2 na kidogo. Anayenunua kwa uzito, basi, amenunua maji. Anayenunua kwa ujazo hapotezi kiasi hicho kwenye hesabu tupu, kwa kuwa mti uliomo ni ule ule na kuyachemsha maji yake hula sehemu ndogo tu ya joto. Hasara yake iko mekoni. Moto wenye maji hauwi mkali, gesi za mti hupanda bila kuungua, na zinapokutana na dohani iliyo baridi hugandama ukutani zikiwa masizi mazito yanayong'aa kama lami, ambayo siku moja yanaweza kushika moto yenyewe. Mfagia dohani wetu alikuwa akiitwa mara mbili kila baridi. Mwaka huu amekuja mara moja, akatoa unga mkavu usiojaza ndoo, akauliza kama tumeacha kuwasha moto.

Matokeo hayo mazuri yalipatikana baada ya kulirekebisha banda. Baada ya msimu wa kwanza tuliling'oa bati la nyuma, tukaweka mabanzi ya mlalo yenye nafasi ya vidole vitatu, na kuligeuza bati lile kuwa upanuzi wa paa upande huo huo, ili manyunyu yazuiwe juu na upepo upite chini. Ndani tuliacha kupanga kuni kama ukuta mmoja mnene. Sasa ni safu mbili zenye njia ya shubiri moja kati yake, na hakuna safu inayogusa mabanzi. Kazi yote ilichukua siku mbili za fundi mmoja. Msimu wa pili, kuni za nyuma zilikuwa nyuma ya za mbele kwa wiki mbili tu, na hakuna ukuni hata mmoja ulioota kitu. Mvua zilipoingia, kipimo kilipanda kutoka 16 hadi 19, jambo ambalo lilinishtua mara ya kwanza. Ni unyevu wa hewa tu, ambao ukuni hufuatana nao kama nguo iliyo kabatini, na ulishuka tena mvua zilipopungua.

Bei ya banda ilikuwa sawa na kuni tulizokuwa tukinunua kwa miezi mitatu ya baridi. Kwa nyumba ya wageni, shule yenye tanuri la mkate, au familia inayoota moto kila jioni, fedha hiyo hurudi. Kwa mtu anayewasha meko mara mbili kwa mwezi, sioni sababu ya kuinunua: matofali kumi na mawili, mianzi michache ya kuinulia kuni, na kipande cha bati kilichowekwa juu tu na kukandamizwa kwa jiwe, pembeni pote pakiwa wazi, vitampa kuni kavu sawa na zangu. Bibi zetu walifanya kwa gharama ndogo zaidi. Waliziweka kwenye uchaga juu ya mafiga, na moto wa leo ukakausha kuni za kesho. Moshi wa uchaga ule ulikuwa na madhara yake machoni na kifuani, lakini sikumbuki kuona uyoga ukiota pale.

Wiki iliyopita nimeagiza banda la pili kwa mafundi wale wale, kwa kuwa useremala wao sijaupata kwingine. Kuni nitanunua kwa mkulima, mwezi Mei, mbichi na kwa bei ya mbichi, zilizopangwa kabla ya kupimwa. Fundi aliponiletea mchoro, ukuta wa nyuma ulikuwa bado umeandikwa «bati zima». Nilimkabidhi kalamu, akaufuta, kisha akauliza kama upungufu huo wa bati upunguze bei. Nilimwambia mabanzi nayo yanalipiwa, ila gata liwemo.